Kaburi la Kushoto kwenye Picha

Chumbani kwa shangazi, Temeke, juu ya kabati la nguo, ilikuwepo picha ya watu wanaokula kwa mkono wa kushoto. Ndivyo sisi watoto tulivyoijua. Ilikuwa imechapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nene iliyokwishageuka rangi ya chai ya maziwa. Mtu akiitazama kwa haraka angeona mikoko, anga tupu, na mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Lakini ukisogea, upande wa kulia, chini ya kibanda cha makuti, wapo watu wamekaa kwenye jamvi wamezunguka sinia. Hawana nyuso. Aliyewachora aliwapa migongo na vichwa na mikono, basi. Na mikono inayoingia kwenye sinia ni ya kushoto, yote.

Upande wa kushoto wa picha kuna kilima, na juu ya kilima kuna kaburi lenye nguzo fupi. Kwenye nguzo limepachikwa bakuli, kama walivyofanya watu wa pwani wa zamani. Hilo, tuliambiwa, ni kaburi la bibi yetu, yule ambaye ukoo unaanzia kwake. Nyuma yake hatumjui mtu.

Habari ya picha naiandika kama alivyoisema shangazi, maana mimi sikuwepo na yeye hakuwepo. Alikuja Mzungu, zamani za babu wa babu zake, kabla mji haujawa mji. Hakuwa askari wala mtu wa dini. Alitembea na mabamba madogo ya shaba yaliyopakwa kitu cheusi, akawa anakaa juani kutwa nzima anayakwaruza kwa sindano. Watu walimwona kama mgonjwa. Wakamwonea huruma, wakamwita ale. Akala nao, akaondoka. Baadaye sana meli ikaleta karatasi imeviringishwa ndani ya bomba la bati, na karatasi yenyewe ndiyo hiyo picha. Waliifurahia mpaka mmoja wao alipoona mikono.

"Kala chakula chetu, kanawa maji yetu," shangazi alikuwa akisema, "halafu kaenda kwao kuwaambia wenziwe kwamba sie tunakula kwa mkono wa chooni. Mungu anamwona."

Mtoto akisahau akachukua tonge kwa kushoto, alipigwa kofi la mkononi na kuulizwa, "We, umekuwa wa kwenye picha?"

Ungedhani picha ya matusi namna ile wangeichoma. Hawakuichoma kwa sababu ya kaburi. Kitu kingine cha kuonyesha alipolala yule bibi hakikuwepo.

Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, tulikwenda kumzuru. Ni kule nyuma ya Mtoni, ambako maji yanaingia katikati ya nyumba. Wazee wa kabla ya shangazi walisimama kwenye tope maji yalipokupwa, wakaipa bahari mgongo, wakatazama bara kama picha inavyotazama, wakasema: kushoto. Wakazungushia kipande kile ua wa minyaa. Kilima hapakuwa nacho. Wakasema wachimba mchanga wamekibeba. Maji nayo yalikuwa yanapinda upande usiokuwa wa kwenye picha. Wakasema bahari imehama. Siwaoni kuwa wajinga. Mchanga wa Dar kweli umebebwa, na bahari kweli inahama.

Tulikaa kwenye mikeka, tukasoma Yasini, tukanyunyiza marashi ya waridi. Sisi watoto tulikuwa tunalia njaa pale, kila mwaka, hata kama tumetoka kula. Mimi nilikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilihisi kuna mtu ng'ambo ya maji anatutazama migongo. Nilikuwa nikigeuka naona mikoko tu, na baadaye, nilipokuwa mkubwa, naona ukuta wa yadi ya makontena. Lakini hili nalisema sasa, baada ya kujua ninayoyajua. Huenda nilikuwa nageuka kwa sababu ya inzi. Mtu akikumbuka anajiongezea, na mimi si bora kuliko wengine.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mwanawe wa kiume ni mkubwa kwangu, namwita kaka. Yeye ni karani wa mambo ya mizigo bandarini, mtu wa makaratasi, anavaa shati la kuchomekea hata Jumapili. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na nina kibanda Kinondoni cha kutengeneza mihuri. Wenzangu wengi wana mashine siku hizi. Mimi bado nachonga mpira kwa wembe, kwa mteja mwenye haraka au asiye na mengi ya kuandika.

Shangazi alipoanza kuvimba miguu na kulala akiwa ameketi kwa sababu ya moyo, alituita wote wawili.

"Mie nataka mnizike kwa bibi," akasema. "Sitaki makaburi ya watu wengi. Nataka nilale pembeni yake, nimuulize mambo."

Kaka alishughulika, lazima nimpe haki yake. Alikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kurudi, akapata ruhusa, akajenga ukuta mfupi wa tofali ndani ya minyaa. Shangazi akaonyeshwa picha za ukuta kwenye simu. Tangu hapo akawa anaongelea kufa kama mtu anayeongelea kuhama nyumba aliyokwisha kuipata.

Siku hizohizo kioo cha ile picha kikapasuka. Hakikupigwa na mtu. Fremu ilikuwa imeliwa na mchwa, msumari ukateleza. Nikaibeba kwenda nayo Kinondoni, kwa sababu jirani yangu wa kibanda anakata vioo. Alipokuwa anapima, nilibaki na karatasi yenyewe mezani kwangu, nje ya kioo. Sidhani kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kuishika hivyo.

Nikapitisha kidole. Pembezoni mwa picha karatasi ilikuwa imebonyea, mstari mwembamba umezunguka pande zote, kama mahali ambapo kitu kigumu kimegandamizwa kwa nguvu. Na wino ulikuwa umetuna kidogo. Ukifumba macho unausikia kwa ncha ya kidole, kila unyasi, kila wimbi. Yale maji hakuyachora. Aliyaacha yawe karatasi tupu, akachora kingo tu, na jicho lenyewe linayajaza. Nilimwonea wivu, kusema kweli. Kwa sindano tu, juani.

Palepale mezani ulikuwepo muhuri niliokuwa nimeumaliza wa duka la dawa, bado haujaonja wino. Herufi zake zilikuwa zimegeuka, kama inavyotakiwa, ili zikigonga karatasi zinyooke. Nikatazama muhuri, nikatazama picha. Mwanzo sikuelewa nilichokiona.

Mtu huyu alikaa mbele ya mahali, akakwaruza alichokiona moja kwa moja kwenye shaba. Cha kulia kwake akakiweka kulia kwenye bamba. Na bamba likipakwa wino likagandamizwa kwenye karatasi, kila kitu kinahama upande.

Nilijikatalia. Nikasema, we mchonga mihuri, kila kitu unakiona muhuri. Nikachukua kipande cha mpira, nikachonga mtu mmoja anakula, kwa mkono wa kulia, vibaya vibaya tu. Nikagonga. Akala kwa kushoto. Nikatazama na video kwenye simu, mtu wa nchi za mbali akipaka wino bamba la shaba, akilifuta, akiliminya chini ya gurudumu pamoja na karatasi, akiibandua. Ilikuwa hivyohivyo. Wenye uangalifu, nilivyofahamu, huchora kwanza kinyume ili picha itoke sawa. Huyu wetu hakufanya. Labda alikuwa na haraka. Labda kule ilikokwenda picha yake hakuna aliyejali kilima kiko upande gani, mradi ni kilima kizuri.

Kwa hiyo hakututukana. Hilo lilinijia kwanza, na nilifurahi kama dakika moja hivi. Halafu likaja la pili. Kama mikono imegeuka, na kaburi limegeuka.

Nilimwambia kaka kabla ya kumwambia mama yake. Alinisikiliza akiwa anafuta miwani.

"We bwana," akasema, "kesho utaniambia na kibla kimegeuka."

"Twende tukaangalie. Kama nimekosea nitafurahi."

Tulikwenda maji yalipokupwa. Kaka alivua viatu vyake vya ofisi, akavishika mkononi, tukaingia kwenye tope tukaipa bahari mgongo. Ile picha ya shangazi nilikuwa nimeipiga kwa simu. Nikaishika kama ilivyo. Haikufanana na kitu chochote mbele yetu, kama ambavyo haijawahi kufanana. Halafu nikabonyeza pale pa kugeuza, kulia kuwe kushoto.

Maji yakapinda yanakopinda. Mgongo wa nchi kule nyuma ukashuka unaposhuka. Kaka alininyang'anya simu, akaigeuza, akairudisha, akaigeuza tena. Alikuwa anatafuta kosa, na alikuwa na haki ya kulitafuta, maana aliyetoa ahadi kwa mama yake ni yeye.

Kulia kwetu, kilipotakiwa kuwa kilima, palikuwa na ukuta wa yadi na makontena yamepandana.

Tukazunguka kwa barabara mpaka kule. Nje ya geti kuna vijana wa bodaboda. Nikamuuliza mmoja hapa panaitwaje.

"Hapa Kilimani, braza."

"Kilima kiko wapi?"

Akacheka. "Mie ntajuaje? Jina tu."

Nilikwishapita kituo kile mara nisizoweza kuzihesabu, jina sikuwahi kulitilia maanani. Kaka hakucheka. Alikwenda kwa mlinzi wa getini, mtu wa makamo, tukamwamkia, tukamwambia tunauliza habari za zamani za eneo. Alisema amekuta pamekwishasawazishwa. Kisha, bila kuulizwa, akaonyesha kwa kidevu kona ya nyuma, iliyo karibu na maji.

"Pale tu ndo panasumbua. Simenti inatitia kila mvua. Wanajaza, inatitia."

"Na nyie mnakaa pale?" kaka akauliza.

"Hatukai."

"Kwa nini?"

"Hatupendi tu."

Mlinzi hakusema ameona kitu wala kusikia kitu. Alisema hawapendi kukaa. Nisimwongezee.

Njiani kaka aliniambia maneno ambayo nayaona ya haki hata leo. Alisema mama yake ameshatulia, ana miezi, pengine wiki. Alisema ukweli wenyewe haumfikishi popote, maana mwenye yadi hatavunja yadi. "Utampa nini? Utamnyang'anya kaburi, halafu utampa kontena." Nikakubali tusimwambie.

Nikarudisha picha na kioo chake kipya, nikaitundika. Shangazi alituangalia sisi wawili tulivyokuwa hatuitazami.

"Picha yangu mmeifanya nini?"

"Hatujaifanya kitu, Mama. Kioo tu," kaka akasema.

Akanigeukia mimi. "Baba, na wewe useme."

Nikasema. Sijui kama ule ulikuwa uaminifu au nilishindwa tu kubeba. Kaka alitoka nje akasimama uani, na simlaumu. Nilieleza kwa muhuri, kwa bamba la shaba, nikachanganya mambo, nikaanza upya. Alininyamazisha kwa mkono.

"Nipe ile. Na nipe kioo changu cha kujitazamia, kiko kwenye droo."

Akaiweka picha mapajani. Akasimamisha kioo ubavuni mwa picha, akainama akatazama ndani ya kioo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona alichokuwa anakiona: jamvi, sinia, migongo, na mikono ya kulia inaingia kwenye chakula.

"Wanakula vizuri," akasema. "Wanakula kama watu." Kisha, "Astaghfirullah. Nimemlaani mtu wa watu. Na mama yangu naye kamlaani. Kumbe katuweka kama alivyotuona."

Nikadhani yataishia hapo. Lakini kioo alikuwa bado nacho, akakisogeza taratibu mpaka kilima kikatokea upande wa pili.

"Na bibi?"

"Yuko ng'ambo, Shangazi. Kwenye yadi ya makontena."

"Chini yake?"

"Nafikiri. Sina hakika."

"Sasa pale petu, tunaposoma, ni pa nani?"

Hapo ndipo na mimi nilipoliona, maana sikuwa nimelifikiria mpaka mwisho. Kama kilima kilikuwa ng'ambo, basi palipozungushiwa minyaa ni pale penye kibanda cha makuti. "Ni pale walipokuwa wanakula," nikasema.

Akaanza kucheka, kicheko cha kifua kibovu. "Ndo maana mlikuwaga mnalia njaa!"

Nisiseme kwamba alipokea vizuri. Kicheko kile kilikuwa cha siku ile. Siku zilizofuata aliacha kula. Alilia kwa sauti kama aliyefiwa leo, kwamba bibi amekaa miaka yote anatusikia tunasomea jamvi, amepewa migongo. Alisema sasa amejua ni nani anayemtazama akiwa amelala mchana. Hakusema anaona mtu. Alisema anatazamwa, na anayemtazama hana hasira, amechoka tu kungoja. Kaka hakusema nami siku kadhaa. Mimi mwenyewe kibandani nilikuwa nachonga muhuri nikisita katikati ya kazi, nahisi kuna watu wasio na nyuso wamenizunguka wananyoosha mikono mezani kwangu. Kwa kweli nilikuwa sijalala vizuri. Lakini nilihisi.

Kisha akaomba apelekwe Kilimani. Kaka alikataa, halafu ndiye aliyekwenda kuita bajaji. Tukamweka katikati yetu. Getini mlinzi alisema hawezi kumwingiza mtu bila kibali, na alisema kwa adabu, na ndiyo kazi yake. Shangazi hakubishana. Alishika chuma cha geti kwa mkono mmoja, akatoa salamu ya watu wa makaburini, akataja jina la yule bibi na majina ya wanawe kama tulivyofundishwa. Makontena yalikuwa yanashushwa, mlio wa vyuma ulikuwa mkubwa, sikusikia yote. Alimaliza, akangoja kama mtu anayengoja kujibiwa hodi, akasema turudi.

Ndani ya bajaji akamwambia mwanawe, "Nizikeni palepale mlipojenga."

"Mama, pale hapana mtu."

"Nitakuwepo mie."

Kaka akatazama nje. Shangazi akampiga kidogo kwenye goti. "Unataka niwasumbue mkatafute kwingine? Pale ndo nyumbani, jamani. Tulikuwa tunakwenda nyumbani kila mwaka, hatujui."

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Wakati wa kuchimba tulikuwepo, kaka na mimi na vijana wa mtaa. Nilikuwa na hofu mbili zinazopigana. Niliogopa wakute mifupa ya mtu, na hapo ningekuwa nimemvunja moyo marehemu kwa uongo. Na niliogopa wasikute kitu kabisa.

Walipofika kiunoni, udongo ukawa mweusi. Kijana akatupa juu koleo moja la udongo, likamwagika miguuni petu: majivu yaliyoshikana, maganda ya chaza, miba ya samaki mingi, na jiwe lililoungua upande mmoja, jiwe la mafiga.

"Wazee," akasema kutoka shimoni, "hapa palikuwa jalalani nini?"

Kaka aliinama akaokota mwiba wa samaki, akaushika kwenye mwanga.

"Palikuwa jikoni," akamjibu. "Chimba, baba. Hamna neno."

Wakachimba mpaka wakakuta mchanga safi, wakachonga mwanandani, tukamlaza.

Sasa Shaabani ikifika tunakwenda na watoto wetu, tunamsomea shangazi. Suala la ng'ambo hatujalimaliza. Mimi nilipendekeza kila mwaka tuisome Yasini mara mbili, ya pili tumeelekea yadi. Kaka akasema tutaonekana wendawazimu, tena tunawafundisha watoto kusomea makontena, na kwamba Mungu anajua aliko mtu bila kuelekezwa kidole. Sikuweza kusema amekosea. Nikaacha.

Lakini mwaka huu nilipita Kilimani kwa shughuli zangu, mlinzi akanitambua, akanisalimu. Akaniambia ndugu yangu wa miwani ana bidii sana ya kazi.

"Kazi gani?"

"Si anakujaga kukagua mzigo. Ana kibali kabisa. Anakwenda ile kona yetu ya nyuma, anasimama na karatasi zake, anasoma namba za makontena polepole. Namwona midomo inavyotembea." Akafikiri kidogo. "Ila pale saa hizi hatuweki makontena. Panatitia."

Nikamwambia kaka yangu ni mtu makini.

"Namwona," mlinzi akasema. "Akimaliza anajipangusa uso kwa viganja vyote viwili."